Muziki wa mtandaoni: Nani anavuna, nani anaambulia pumba?

UKISHUKA mlima Sekenke kwa barabara kuu itokayo Singida kwenda Igunga na Nzega, unafika Shelui, mji mdogo wa wilaya ya Iramba. Hapa malori ya masafa marefu husimama, wachimbaji wadogo wa dhahabu hununua mahitaji yao, na wakulima huleta alizeti, dengu, mtama na vitunguu. Ni mji wa biashara ndogondogo, na karibu kila biashara ina spika mlangoni.

Nilikuwa huko kwa shughuli za kilimo, nikakutana na mzee mmoja, mkulima wa alizeti, ambaye aliniomba ushauri ambao sikufundishwa chuoni. Mwanawe wa kiume, kijana wa miaka 20 na ushee, anaimba. Amemwomba baba yake auze jozi ya maksai ili apate fedha za kurekodi wimbo, kutengeneza video na kuuweka kwenye mitandao.

"Mwanangu, wewe umesomea uchumi," aliniambia mzee yule baada ya kupokea shikamoo yangu. "Niambie basi, huo muziki wa kwenye simu unalipa au haulipi? Maana maksai nikiwauza, msimu ujao narudi kwenye jembe la mkono."

Swali la mzee ni la maana kuliko linavyoonekana. Wapo wazazi wengi vijijini wanaoombwa kuuza ng'ombe, magunia au kiwanja kwa ajili ya wimbo. Na wapo wafanyabiashara wengi wadogo ambao riziki yao inategemea nyimbo za watu wengine. Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa hesabu, kama tunavyofanya kwa zao lolote.

Kutoka sahani ya santuri hadi memori kadi

Ili kuelewa soko la leo ni vema kukumbuka lile la jana. Kwa miaka mingi Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam, mpaka redio binafsi zilipoanza katikati ya miaka ya 1990. Bendi zilirekodi pale, nyimbo zikasikika nchi nzima, lakini kusikika hakukuwa na maana ya kulipwa vizuri. Aliyetaka kutoa santuri alilazimika kwenda Nairobi, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na kampuni za kurekodi na mitambo ya kuchapa sahani. Mbaraka Mwinshehe, mwana wa Morogoro ambaye nyimbo zake bado zinapigwa leo, alifuata soko hilo hilo la Kenya, na ni huko Kenya alikofariki kwa ajali ya gari Januari 1979.

Ikaja kaseti. Msanii alipeleka kazi kwa msambazaji wa Kariakoo, akalipwa kiasi fulani kwa kila kaseti iliyouzwa, au akauza kazi yote kwa mkupuo. Tatizo lilikuwa hesabu. Msambazaji ndiye aliyedurufu, ndiye aliyeuza, na ndiye aliyesema zimeuzwa ngapi. Msanii hakuwa na mizani yake. Mkulima aliyewahi kupimiwa kwa lumbesa anaelewa vizuri hali hiyo.

Pamoja na hayo kaseti ilikuwa bidhaa inayoshikika. Professor Jay alipotoa albamu yake ya "Machozi, Jasho na Damu" mwaka 2001, aliyeipenda aliingiza mkono mfukoni akanunua. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwa imepitishwa mwaka 1999, na COSOTA ikaanzishwa kwa sheria hiyo kusimamia haki za wabunifu. Lakini kudurufu kulishinda sheria. Baada ya kaseti ikaja CD, na baada ya CD ikaja memori kadi. Hapo ndipo bidhaa ya kushikika ilipotoweka.

Duniani hali ilikuwa hivyo hivyo. Kwa takwimu za IFPI, shirikisho la kimataifa la kampuni za kurekodi muziki, mapato ya muziki uliorekodiwa yalikuwa zaidi ya dola bilioni 20 mwaka 1999. Mwaka huo huo mtandao wa Napster ulianza kuwawezesha watu kupeana nyimbo bure. Kufikia mwaka 2014 mapato yalikuwa yameporomoka hadi chini ya dola bilioni 15. Kilichoyainua tena ni mfumo wa kusikiliza moja kwa moja mtandaoni bila kununua wimbo: msikilizaji hulipa ada ya mwezi, au husikiliza bure huku akiwekewa matangazo. Mwaka 2024 mapato yalifika dola bilioni 29.6, na zaidi ya dola bilioni 20 kati ya hizo zilitokana na mfumo huo.

Kwetu Afrika Mashariki, Mdundo ilianzia Nairobi mwaka 2013 ikitoa nyimbo za kupakua zenye matangazo. Boomplay ilianza Nigeria mwaka 2015 na kuenea ikiwa tayari ndani ya simu za Tecno. Spotify ya Sweden ilifungua milango yake Tanzania, Kenya na Uganda Februari 2021. YouTube ilikuwapo kabla yao wote, na mpaka leo ndiyo duka kubwa la muziki kwa Mtanzania wa kawaida.

Ghala moja, mkulima mmoja mmoja

Sasa tuingie kwenye hesabu. Wengi hudhani kwamba kila wimbo unaposikilizwa, kampuni inamtumia mwimbaji kiasi maalumu, mathalani shilingi 10. Sivyo ilivyo.

Fikiria ghala la chama cha ushirika. Wakulima wote wanaingiza mazao yao humo. Yanauzwa kwa pamoja, ghala linatoa gharama zake, kisha fedha zinazobaki zinagawanywa kulingana na kilo za kila mmoja. Majukwaa mengi makubwa ya muziki hufanya hivyo hivyo. Fedha zote za mwezi kutoka nchi fulani, ada na matangazo, huwekwa kwenye kapu moja. Kampuni hubakiza sehemu yake, ambayo kwa kawaida ni kama asilimia 30, na zinazobaki hugawanywa kwa wenye haki kwa kufuata idadi ya misikilizo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kapu la mwezi lina shilingi milioni 100. Kampuni inabakiza milioni 30, zinabaki milioni 70. Nyimbo zote kwa pamoja zimesikilizwa mara milioni 10. Wimbo wa kijana wetu wa Shelui umesikilizwa mara 10,000, yaani sehemu moja kati ya elfu moja. Atapata shilingi 70,000, sawa na shilingi saba kwa kila msikilizo. Lakini mwezi unaofuata watu wakisikiliza mara milioni 20 wakati kapu halijaongezeka, misikilizo yake ile ile 10,000 itamletea shilingi 35,000 tu. Hakufanya kosa lolote, wimbo wake haukupoteza hata msikilizaji mmoja, lakini bei imeshuka kwa nusu.

Mkulima wa alizeti wa Singida hana haja ya kuelezwa jambo hili mara mbili. Msimu wa mwaka 2023 bei ya alizeti ilianguka vibaya wakati mafuta ya kutoka nje yalipokuwa yameingia kwa wingi. Shamba lilikuwa lile lile na mbegu zile zile. Kilichobadilika ni wingi wa bidhaa sokoni.

Kuna jambo la pili. Kapu la nchi yetu ni dogo. Nchi za Ulaya zina wasikilizaji wengi wanaolipa ada kila mwezi, sisi wengi tunasikiliza bure. Kwa hiyo msikilizo mmoja kutoka London huleta fedha nyingi kuliko msikilizo mmoja kutoka Kiomboi. Kwa mujibu wa IFPI, mwaka 2024 mapato ya muziki uliorekodiwa kwa Afrika yote Kusini mwa Sahara yalikuwa dola milioni 110 hivi, na karibu robo tatu ya hizo zilikuwa za Afrika Kusini peke yake. Kwa maneno mengine, katika kila shilingi 100 za muziki duniani, eneo letu zima halifikishi senti 50. Ni kweli mwaka huo wa 2024 soko hili lilikua kwa kasi kubwa, zaidi ya asilimia 20, lakini kukua kwa haraka kwa kitu kidogo bado ni kidogo.

Jambo la tatu ni masharti. Kwenye Spotify wimbo hauhesabiwi kuwa umesikilizwa mpaka uchezwe kwa sekunde 30. Tangu mwaka 2024, wimbo usiofikisha misikilizo 1,000 katika miezi 12 haulipwi kabisa, na fedha zake zinabaki kwa wengine. YouTube nayo hugawana fedha za matangazo na mwenye chaneli, asilimia 55 kwake na 45 kwa kampuni, lakini masharti ya kawaida ya kuingia kwenye mgawo huo ni kuwa na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika mwaka. Hata ukishaingia, malipo hayatumwi mpaka yafikie dola 100. Msanii mchanga anaweza kuhesabu miezi kadhaa akisubiri mzigo ujae.

Lebo: mkopeshaji wa mbegu

Wapo wanaosema kwamba intaneti imeua lebo, kwani kila mtu anaweza kuweka wimbo wake mwenyewe. Ukweli ni kinyume. Kampuni tatu kubwa za dunia, yaani Universal, Sony na Warner, zinavuna vizuri kuliko ilivyokuwa wakati wa uharamia wa CD, kwa sababu zinamiliki nyimbo za zamani zisizohesabika. Wimbo wa zamani hauhitaji tena mashine ya kudurufu wala gari la kusambaza. Unaingiza fedha usiku na mchana mwenyewe akiwa amelala.

Hapa nchini lebo kubwa ni za wasanii wenyewe. Diamond Platnumz na WCB Wasafi yake walionyesha kwamba Mtanzania anaweza kujenga kampuni ya muziki yenye studio, wapiga picha na vyombo vya habari. Mwaka 2020 alitangazwa kuwa mwanamuziki wa kwanza wa Afrika Kusini mwa Sahara kufikisha watazamaji bilioni moja kwenye YouTube, na mwaka 2021 akaingia ubia na Warner. Alikiba naye aliingia mkataba na Sony mwaka 2016. Kutoka WCB, Harmonize aliondoka mwaka 2019 akawa na lebo yake ya Konde Music Worldwide.

Kwa nini wasanii bado wanaifuata lebo? Kwa sababu kuweka wimbo mtandaoni ni rahisi, kusikika ndiko kugumu. Kila siku duniani huingizwa nyimbo mpya zipatazo laki moja. Kati ya nyimbo hizo, wa kijana wa Shelui utaonekanaje? Unahitaji video nzuri, matangazo na watu wa kukusukuma. Hayo ni mtaji, na mtaji unao lebo.

Lakini tuangalie masharti ya mtaji huo. Sote tunamfahamu mfanyabiashara anayekuja kijijini mwezi wa njaa, akamkopesha mkulima mbegu na debe la mahindi, kisha akanunua zao likiwa bado shambani kwa bei yake. Mkulima anaokoka siku ile, wakati wa mavuno anaumia. Mkataba wa lebo unaweza kufanana na huo: lebo inatoa fedha za video, halafu inachukua sehemu kubwa ya mapato kwa miaka mingi, na kazi yenyewe, ile rekodi ya awali, inakuwa mali yake. Msanii akitaka kuondoka anaambiwa alipe. Sisemi kwamba lebo zote ni wanyonyaji. Anayetoa mtaji anabeba hatari, kwa sababu wasanii wengi hawarudishi gharama. Ninachosema ni kwamba mkataba usomwe kabla ya kutiwa saini, tena usomwe na mtu asiyelipwa na lebo.

Kesi ya AY na Mwana FA inafundisha. Wasanii hao walishitaki kampuni ya simu kwa kutumia nyimbo zao kama milio ya miito bila idhini yao, na mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru walipwe zaidi ya shilingi bilioni mbili. Kampuni ilikata rufaa na shauri likaendelea kupanda ngazi za mahakama. Kwa mkulima na mfanyabiashara, la kuzingatia ni hili: madai hayo yaliwezekana kufika mahakamani kwa sababu waliodai waliweza kuonyesha kwamba nyimbo ni mali yao. Asiye na karatasi hana shamba.

Je, ladha imeshuka?

Wazee wa Shelui wanalalamika kwamba nyimbo za siku hizi hazina ujumbe. Kila kizazi kimewahi kulalamika hivyo, kwa hiyo tusikimbilie kukubali. Hata hivyo, mchumi huuliza swali moja: mnunuzi analipia nini? Ukilipia pamba kwa uzito bila kuangalia daraja, utaletewa pamba yenye mchanga.

Soko la mtandaoni hulipia sekunde 30 za kwanza na idadi ya marudio. Wimbo wa dakika nane wenye utangulizi mrefu wa magitaa, kama ilivyokuwa desturi ya bendi zetu za dansi, unahesabiwa msikilizo mmoja. Wimbo wa dakika mbili na nusu nao unahesabiwa mmoja. Katika muda wa ule mmoja mrefu, huu mfupi unaweza kusikilizwa mara tatu. Basi si ajabu kwamba nyimbo zimefupishwa na kiitikio kimehamia mwanzoni. Wengi wameacha albamu na kutoa wimbo mmoja mmoja kila baada ya wiki chache ili wasisahaulike. Midundo nayo inafanana, kwa sababu kilichouza jana Johannesburg au Lagos ndicho anachoombwa mtayarishaji leo Mwanza.

Sasa limeongezeka la kompyuta zinazotunga nyimbo zenyewe. Mwaka 2025 kampuni ya Deezer ya Ufaransa ilieleza kwamba zaidi ya robo ya nyimbo zinazoingizwa kwake kila siku zimetengenezwa na mashine tupu. Nyimbo hizo hazili, hazilipi pango na hazichoki. Zikiingia kwenye ghala lile lile zinaweza kupunguza sehemu ya kila aliyetoka jasho, na ndiyo maana Deezer ilianza kuziwekea alama.

Hata hivyo mizani ina pande mbili. Zamani muziki wa pembezoni haukuwa na njia. Ili wimbo upigwe, ilibidi ufike Dar es Salaam, umpendeze mtangazaji na mara nyingi ushikishwe kitu mkononi. Leo singeli, muziki wa vijana wa uswahilini ambao wengi waliudharau, umesikika Ulaya baada ya lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Uganda kutoa mkusanyiko wake mwaka 2017. Hakuna ofisa aliyeutolea kibali cha ubora.

Mfano ulio karibu zaidi na Shelui ni nyimbo za asili za Kisukuma. Waimbaji kama Bhudagala na Nelemi Mbasando wanaimba kwa lugha yao, na video zao zinatazamwa sana YouTube kuanzia Igunga hadi Kahama na Geita, hadi kwa Wasukuma walioko mbali na nyumbani. Ni muziki ambao redio za mjini hazikuupa nafasi kubwa. Intaneti haikuuharibu, iliufungulia barabara. Lakini muulize mtu yeyote anayewafahamu waimbaji wa namna hiyo wanakula wapi, atakwambia: kwenye harusi, kwenye sherehe za mavuno, kwenye minada na kwa matajiri wanaoagiza wimbo wa kusifiwa. Video ni kibao cha duka, na duka lenyewe liko uwanjani.

Kibanda cha nyimbo

Siwezi kumaliza bila kumtaja mtu mwingine aliyemo katika mnyororo huu, naye ni kijana mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo. Ana kompyuta moja, anachaji simu, anatoa fotokopi na kuwajazia wateja nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Wateja wake ni madereva wa malori, bodaboda, wachimbaji na wenye sabufa za baa.

"Kaka, watu hawana bando la kuchezea," aliniambia mmoja wao. "Mtu anataka nyimbo mia mbili asikilize porini huko hakuna mtandao. Mimi ndiye mtandao wake."

Kiuchumi ana hoja. Wimbo wa dakika tatu hula kama MB tatu za intaneti kwa ubora wa kawaida. Ukiusikiliza mtandaoni mara 100, umetumia MB 300. Ukiupakua mara moja, umetumia tatu. Kwa mtu wa Shelui anayepiga hesabu ya kila shilingi, na ambaye akienda machimboni mtandao unakatika, memori kadi ni uamuzi wa busara wala si ushamba.

Lakini kwa mwimbaji, kibanda kile ni shimo ambamo misikilizo yake inazama. Wimbo unaopigwa kwenye kila bodaboda ya Iramba unaweza usionekane hata mara moja kwenye kapu la mapato. Na kwa sheria ya mwaka 1999, kunakili kazi ya mtu kwa ajili ya biashara bila idhini yake ni kosa. Mwenye kibanda ajue kwamba biashara yake imesimama juu ya mchanga, na siku ukaguzi utakapofika, kisingizio cha umaskini hakitamrudishia kompyuta.

Je, hakuna njia ya kati? Nadhani ipo. Waimbaji wa eneo hili wanaweza kuwapa wenye vibanda idhini ya maandishi ya kuuza nyimbo zao kwa mgawo, kama wakala anavyouza vocha. Mwenye kibanda anapata bidhaa halali ambayo haipatikani kwingine, mwimbaji anapata shilingi 50 au 100 papo kwa papo bila kusubiri dola 100 za YouTube. Watahitaji daftari na kuaminiana tu.

Kwa upande wa serikali, Januari 2022 COSOTA iligawa zaidi ya shilingi milioni 300 za mirabaha kwa wasanii ambao kazi zao zilitumika kwenye redio na televisheni. Ni hatua ya kupongezwa, lakini nayo inategemea mizani. Redio ndogo za mikoani zinapaswa kuandika kila wimbo zinaoupiga, vinginevyo fedha zitakwenda kwa wale wanaosikika Dar es Salaam pekee. Na msanii ambaye hajasajili kazi zake asilaumu akikosa mgawo. Mkulima asiyepeleka mzigo ghalani hawezi kudai malipo ya pili.

Hesabu ya maksai

Turudi kwa mzee. Nilikaa naye pamoja na kijana wake chini ya mti, tukachukua karatasi. Kijana alitaja gharama anazotarajia za kurekodi, video, nauli na matangazo. Jumla ikafika shilingi 1,500,000. Nikamwambia tuchukue kwamba kila msikilizo utamletea shilingi tano, ingawa kwa wasikilizaji wa hapa nyumbani wanaosikiliza bure inaweza kuwa chini ya hapo. Tukatoa asilimia 15 ya kampuni inayopeleka nyimbo kwenye majukwaa. Zikabaki shilingi nne na senti 25. Ili arudishe fedha ya maksai, bila hata faida, wimbo wake unapaswa kusikilizwa mara 353,000 hivi.

Kijana alinyamaza. Baba yake naye alinyamaza. Kisha kijana akasema, "Lakini mzee, wapo waliofika milioni." Ni kweli wapo. Wapo pia waliookota dhahabu kubwa Sekenke tangu Wajerumani walipofungua mgodi pale mwaka 1909. Nilimwuliza anawafahamu wangapi kwa majina, na anawafahamu wangapi waliorudi mikono mitupu. Hakujibu.

Sikumwambia aache kuimba. Nilisikia sauti yake na si mbaya. Ushauri wangu ulikuwa kama ambao ningempa mkulima anayetaka kujaribu zao jipya: usianze na ekari zote. Maksai wasiuzwe, kwa sababu ndio mtaji unaozalisha kila mwaka. Arekodi sauti tu kwanza, bila video ya gharama, kwa fedha ya magunia machache. Akae na rekodi yake ya awali mwenyewe, asajili kazi, na kama wametunga wawili waandikiane mgawo kabla wimbo haujatoka, kwa maana ugomvi huanza siku fedha inapoingia. Aimbe mambo ya hapa, kwa lugha ambayo mtu wa mnadani ataitambua kuwa yake. Harusi na minada iwe ndiyo mavuno, mtandao uwe kibao cha duka. Baada ya mwaka mmoja wapige hesabu tena, na kama watu wanamwita, hapo ndipo wazungumzie video.

Kuhusu dunia kubwa, mjadala unaendelea. SoundCloud ilianza mwaka 2021 kugawa fedha za msikilizaji kwa wale tu aliowasikiliza badala ya kuzimwaga kwenye kapu la wote, na Deezer ilianza mwaka 2023 kuwapa uzito zaidi wasanii wanaotafutwa kwa majina. Mfumo wa namna hiyo ungemfaa mwimbaji mwenye mashabiki wachache waaminifu, kama wa Shelui. Wasanii wetu na vyama vyao wanapaswa kuudai kwa sauti moja, kama wakulima wanavyodai mizani sahihi. Bei haishuki kutoka mbinguni, inapangwa na watu, na asiyekuwepo mezani hupangiwa.

Nilipoondoka, mzee alinisindikiza hadi barabarani. Bodaboda moja ilipita ikiwa imefungulia muziki kwa sauti kubwa, wimbo wa Kisukuma, dereva akiufuatisha kwa mdomo. Mzee alitikisa kichwa akacheka. "Huyo naye kalipa?" aliniuliza. Nikamwambia huenda alilipa kibandani, ila fedha hiyo haikumfikia mwimbaji. "Basi hapo ndipo pa kuanzia," alisema, "kabla hatujakwenda huko Ulaya."